Vidonge Sita vya Mafua

Ukikaa kazini miaka ishirini na saba, yapo maswali unayouliza bila kufikiri. Langu mimi ni hili: hedhi yako ya mwisho uliiona lini? Nimeliuliza nikiwa na njaa, nimeliuliza nikiwa na malaria, nimeliuliza huku nimeinama nafunga kamba ya kiatu. Jibu naliandika kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, maana kadi zimeisha au daftari liko chumba kingine na mtu wake ameenda chai. Jioni nikinawa naona tarehe za wanawake wa watu zinateremka na maji kwenye beseni.

Mwanamke mmoja sikumuuliza kwa wakati. Nimebakiza miaka miwili nistaafu, na sitaki kutoka Mara nikiwa nimelibeba jambo hili peke yangu, ndiyo maana naliandika.

Mimi ni Msambaa. Nilipopangiwa Tarime nililia, nikaambiwa ni miaka mitatu tu kisha nitahamishwa. Nadhani bado wanatafuta karatasi yangu. Nimepanga nyumba Nkende, mjini, na kila asubuhi napanda bodaboda kwenda zahanati iliyoko huko vilimani kwa Wakurya, ambako wananiita nesi mfupi mbele yangu, bila aibu, na mimi nimezoea. Kikurya nakisikia chote. Kukisema nakisema kwa kuchechemea, na wazee wanapenda kunisemesha ili wacheke.

Huko vilimani kuna bibi mmoja ambaye nitamtaja sana. Mume wake alifariki zamani, akamwachia ardhi nzuri ya migomba na tumbaku. Mtoto wa kiume hakujaliwa. Sasa kwa Wakurya mwanamke wa namna hiyo ana njia yake, wanaiita nyumba ntobhu: anatoa ng'ombe, anaoa binti kama mwanaume anavyooa, na binti anazaa na mwanaume aliyechaguliwa na nyumba. Watoto ni wa nyumba ya bibi, na ardhi inabaki kwao. Mimi mwanzoni nilishangaa nikasema makubwa haya. Siku hizi nawashangaa wanaoshangaa.

Binti aliyemwoa alitoka Robanda, kule pembezoni mwa hifadhi. Baba yake alilima mahindi, tembo wakala, akalima tena, tembo wakala tena. Ng'ombe wa bibi walipotajwa hakuwa na la kubishia. Binti alikuja Tarime akiwa na miaka kumi na tisa, mrefu, mpole, mwepesi wa kucheka. Alimwita bibi mama, na bibi alimwita mkamwana. Kila alfajiri alimsagia tumbaku ya ugoro kwenye jiwe, akaichekecha kwa kitambaa, akamjazia kikopo chake cha bati. Halafu siku za soko alibeba ndizi hadi Nkende.

Mimi nilikuwa mteja wake. Alikuwa akishusha kapu barazani kwangu kwanza, nachagua chane, tunapiga soga kidogo, anaendelea. Siku hiyo alikuja macho mekundu, pua inachuruzika, anapiga chafya mpaka ndizi zinatikisika. Na mimi vilevile nilikuwa na mafua ya wiki nzima. Tukacheka, nikamwambia leo tunauziana magonjwa.

Nilikuwa na vidonge vyangu mfukoni. Vinaletwa kupitia Sirari, kutoka ng'ambo ya mpaka, vina rangi mbili, nusu nyekundu nusu njano. Ukimeza kimoja pua inakauka kama bomba lililofungwa. Sisi watumishi wote tunatembea navyo, maana stoo ya zahanati dawa ya mafua ni jina tu. Nikamkatia sita. Nikamwambia meza asubuhi na jioni, na usimpe mtu mwingine. Wiki iliyofuata akaja kuniambia vimemponya, ila mafua yamerudi, nikamkatia tena sita.

Hapakuwa zahanati pale. Sikuvaa koti jeupe. Nilikuwa na khanga na kandambili, nanunua ndizi. Swali langu lilibaki kazini.

Miezi ikapita. Alipokuja kliniki tumbo lilikuwa linaonekana, maana huko mimba changa haitangazwi, watu wanaogopa macho. Nikamuuliza swali, akanijibu, nikaandika kiganjani, nikamhesabia siku za kujifungua. Vidonge havikunijia kichwani hata kidogo. Na vingenijiaje? Dawa ya mafua, jamani. Nani anaikumbuka dawa ya mafua?

Alikuja kujifungua asubuhi, kwa miguu, bibi nyuma yake amebeba kitenge na beseni. Uzazi wenyewe haukuwa mgumu. Kichwa kilitoka vizuri, mabega yakatoka, halafu nikaona kitu ambacho nilikuwa nimekiona mara mbili tu maishani. Mtoto alikuwa wa kiume, amekamilika uso, mikono, miguu, analia kwa nguvu. Kitovu kiko mahali pake. Lakini kulia kwa kitovu palikuwa na tundu, na utumbo wote ulikuwa nje, umelala juu ya tumbo, mwekundu, umevimba, hauna hata ngozi nyembamba ya kuufunika.

Mikono ilifanya yenyewe. Nilichukua mfuko mpya wa nailoni wa kufungashia pamba, ule angavu, nikamwingiza mtoto miguu kwanza mpaka kifuani, nikamwagia humo maji ya chumvi ya dripu niliyoyapasha moto, nikamlaza ubavu wa kulia ili utumbo usijinyonge. Nikapitisha mrija puani. Nikapiga simu gari la wagonjwa. Mama yake alikuwa anavuja damu kuliko nilivyopenda, kwa hiyo tulimwacha hospitali ya wilaya, na safari ya Mwanza tukaenda watatu: mimi, mtoto na bibi.

Safari hiyo sitaisahau. Nimekaa kwenye benchi nyuma, mtoto kwenye mapaja, nimemzungushia mablanketi, lakini mfuko nimeuacha wazi upande mmoja ili niuone utumbo unavyobadilika rangi. Bibi amekaa mkabala nami. Nilitegemea angefumba macho au angejifunika khanga. Yeye akainama, akautazama.

Lazima nieleze. Huku mbuzi akichinjwa kwa jambo zito, ndoa au ugonjwa au ugomvi wa ukoo, wazee wanautandaza utumbo wake kwenye majani na kuusoma. Wanafuata mishipa ya damu, wapi imejaa, wapi imekatika, na wanasema kitakachokuja. Mume wa bibi alikuwa msomaji. Yeye alikuwa mshika majani. Mwanamke hasomi, lakini aliyeshika majani miaka thelathini hawezi kusema hakuona kitu.

Basi akanyoosha kidole, hakugusa mfuko, akakipitisha hewani taratibu kutoka juu kwenda chini.

"Hapa damu inapita," alisema kwa Kikurya. "Hapa inapita. Hapa imechoka."

Nilikasirika. Nilimwambia, bibi, huyu si mbuzi. Akanitazama bila hasira akasema anajua si mbuzi, ni mjukuu wake, ndiyo maana anatazama. Nami nilipotazama pale alipoonyesha, kipande kama urefu wa kidole kilikuwa na rangi ya zambarau. Nilibadilisha maji ya chumvi, nikamwambia dereva akaze mwendo.

Mwanza walimpokea vizuri. Daktari wa upasuaji alikuwa kijana, sauti ya chini, macho yamevimba kwa usingizi. Aliuvisha utumbo mfuko maalumu, akasema wataurudisha ndani kidogo kidogo kwa siku kadhaa, kwa sababu tumbo lilikuwa dogo kuliko kilichotakiwa kuingia. Halafu akatuketisha kwenye viti vya plastiki koridoni ili atueleze. Bibi Kiswahili chake ni cha sokoni, kwa hiyo nikawa mkalimani.

Bibi aliuliza swali moja: nini kimefanya hivi?

Daktari akasema hakuna anayejua kwa hakika. Akasema wiki za mwanzo kabisa, mtoto akiwa mdogo kuliko punje ya harage, kuna mishipa midogo ya damu upande wa kulia wa tumbo, na mingine kazi yake ni ya muda tu, huisha na kupotea. Wapo wanaosema mshipa mmoja hupotea kabla ya wakati wake, au huziba, basi ukuta wa tumbo pale unakosa damu, unakuwa dhaifu, unapasuka. Ndiyo maana tundu karibu siku zote liko kulia. Wengine wanakataa, wanasema ukuta ulishindwa tu kujikunja. Nikatafsiri yote hayo. Niliposema damu haikufika, bibi alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari anayoijua.

"Na nini kinauziba huo mshipa?" akauliza.

Nikauliza. Daktari akakuna shingo. Akasema hapo ndipo pa kuotea, labda tu, msinishike mdomo. Inaonekana zaidi kwa mama wenye umri mdogo. Inaonekana kwa wanaovuta tumbaku. Na wapo wanaoshuku baadhi ya dawa za mafua, zile za kukausha pua, kwa sababu pua inakauka baada ya dawa kubana mishipa ya damu, na dawa haijui kama mshipa huu ni wa pua au wa mtoto.

Alisema hivyo huku anasimama, maana alikuwa anaitwa.

Mimi nilihesabu palepale. Tarehe niliyoiandika kiganjani siku ya kliniki nilikuwa bado naikumbuka. Nikairudisha nyuma, nikaipeleka mbele, kila njia ikaniangusha barazani kwangu Nkende, kapu la ndizi, vidonge sita, kisha sita vingine.

Bibi alikuwa ananingoja.

Nikamwambia, kwa Kikurya changu cha kuchechemea, daktari anasema umri mdogo wa mama. Anasema tumbaku.

"Basi?" bibi akauliza.

"Basi, bibi."

Alinitazama. Halafu akaingiza mkono kwenye pindo la khanga, akatoa kikopo chake cha ugoro, akakigeuza geuza, akakirudisha bila kukifungua.

Neno labda ni zuri kwa daktari. Analisema kwa sababu ni mkweli. Mimi nililichukua nikaingia ndani yake kama panya anavyoingia shimoni. Nilijiambia labda si vidonge. Labda ingekuwa hivyohivyo hata asingemeza. Mbona wengi wamemeza na watoto wao wanacheza mpira. Yote hayo ni kweli hata leo. Lakini sikunyamaza kwa sababu ya ukweli huo. Niliogopa kazi yangu, niliogopa pensheni yangu, na niliogopa uso wa yule mama mzee.

Mtoto aliishi siku kumi na mbili. Kipande kile cha zambarau kilikufa, wakakikata, wakaunga, akapata homa ambayo haikushuka. Bibi alikuwa naye. Mimi nilikuwa nimesharudi kazini, nilipigiwa simu nikiwa napima uzito wa watoto wa watu. Nikamaliza foleni, nikaenda chooni, nikalia nikiwa nimesimama kwa sababu hakuna mahali pa kukaa.

Baada ya maziko ndipo ubaya ulipoanza. Bibi ana shemeji, mdogo wa marehemu mume wake, mzee mwenye fimbo na maneno mengi. Ardhi ile ameitamani siku zote. Bibi akikosa mrithi, inakwenda kwake. Akaanza kusema mtoto anayezaliwa matumbo nje ameletwa na siri ya mama yake, kwamba binti amelala na mwanaume asiyechaguliwa, na aliyoyaficha ndani Mungu ameyamwaga nje. Akataka kikao. Akataka binti arudishwe Robanda, na nyumba ile ihesabiwe haina mtu.

Binti alikuja barazani kwangu bila kapu. Matiti yalikuwa bado yanavuja maziwa, ameyafunga kwa kitambaa. Alisema, "Mama nesi, wewe ulikuwepo kwa daktari. Njoo uwaambie." Kisha akasema akirudishwa Robanda kwa jina hilo hakuna atakayemwoa, wala baba yake hatamtazama. Nikamwambia nitakuja. Nilipoona anafuta pua kwa kiganja nikaingia ndani haraka, nikajifanya nina sufuria jikoni.

Kikao kilifanyika mchana, nyumbani kwa bibi, wazee saba kwenye viti, wanawake chini. Nilikuwa nimepanga kusema. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima juu ya bodaboda. Shemeji akaniuliza kwa heshima kabisa, nesi, daktari mkubwa alisema nini? Nikaeleza mishipa, nikaeleza damu kutofika, nikasema haya hayana uhusiano na mwanaume yeyote, aliyechaguliwa wala asiyechaguliwa. Hilo nililisema kwa sauti kubwa na nina faraja nalo. Shemeji akasema sawa, lakini mshipa hauzibi wenyewe. Nani aliuziba?

Nikafungua mdomo. Nikasema, "Alisema tumbaku."

Shemeji akamgeukia binti, anavuta huyu? Kabla hajajibiwa bibi akasimama. Alitoa kikopo, akakifungua, akamwaga ugoro wote chini mbele ya viti vya wazee.

"Ni mimi," alisema. "Anasaga tumbaku yangu kila alfajiri. Vumbi lake analivuta yeye. Nilimsagisha akiwa na mtoto tumboni. Kama kuna wa kurudishwa kwao, nirudisheni mimi, nione nani atanitolea ng'ombe."

Mzee mmoja akacheka, wengine wakafuata, na kikao kikavunjika kwa kicheko hicho. Hakuna anayeweza kumfukuza mama mzee nyumbani kwake kwa sababu ya ugoro, na nusu ya wale wazee walikuwa na vikopo vyao mifukoni. Binti alibaki.

Nilifurahi. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Nilishuka kilima nimefurahi, mpaka nilipofika barabarani nikaanza kujichukia.

Wahenga wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wangu ulibebwa na mtu wa miaka sabini na kitu, nikawa namwona anavyoubeba. Ameutumia ugoro tangu akiwa mke mpya. Alipoacha, kichwa kilimuuma, macho yakamtoka machozi, akawa mkali mpaka kuku walimkimbia. Binti alinisimulia kwamba anazunguka uani asubuhi hajui mikono aipeleke wapi. Siku moja alikuja zahanati kupima presha. Alikuwa kwenye benchi la foleni, ameshika kile kikopo kitupu, anakifungua, anakiweka puani, ananusa bati, anakifunga. Nyuma ya kichwa chake, ukutani, kulikuwa na maandishi ambayo mimi mwenyewe nililipia rangi yake: Mficha maradhi kifo humuumbua.

Nilimpima. Nikamwambia presha iko juu kidogo, apunguze chumvi. Akasema ahsante nesi.

Nilivumilia karibu mwaka. Vidonge vya Sirari nilivitupa chooni, nikaanza kuwasumbua wenzangu watupe vyao, wakasema nesi mfupi amezeeka. Kwenye somo la asubuhi nilikuwa nawaambia kina mama wasimeze dawa yoyote bila kuuliza, na sauti yangu nilikuwa naisikia ikitoka kama ya mtu mwingine. Usingizi ulikuwa mbovu. Nilichoka uchovu ambao likizo haiutoi.

Siku moja ya mapumziko nikapanda kilimani bila kuitwa. Bibi alikuwa shambani anapalilia mihogo. Ile sehemu ya tumbaku alikuwa ameing'oa yote. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akaendelea kupalilia. Nikasema nimekuja kusema jambo. Akasema sema, masikio hayapalilii.

Nikasema yote. Ndizi, chafya, vidonge sita na sita. Nikasema daktari alitaja dawa ya mafua na mimi sikuitafsiri. Nikasema labda siyo iliyomuua, hakuna ajuaye, lakini nilificha. Nilisema nikiwa nimesimama katikati ya matuta, viatu vimejaa udongo.

Bibi akaliegemea jembe.

"Nilisikia," alisema. Alisema kwa Kiswahili, pole pole, ili nisiwe na pa kujificha. "Kiswahili yangu ni mbaya, lakini mafua najua. Yule daktari alisema mafua. Wewe hukusema mafua. Nikauliza basi, ukasema basi."

Nilimuuliza kwa nini alinyamaza. Akarudi kwenye Kikurya, na maneno yakawa mengi. Alisema mkamwana alimweleza vidonge siku ileile alipovipata, kwa furaha, nesi amenipa dawa yake mwenyewe. Alisema kama ningetajwa kwenye kikao, shemeji yake angefurahi kunipeleka kituo cha polisi, na ningeondoka, na kabla yangu walikaa misimu miwili bila mkunga, akawazika wajukuu wa majirani. Ardhi inataka mtoto. Mtoto anataka mkunga. Akasema alihesabu hivyo palepale Mwanza, kabla sijamaliza kufunga mdomo.

"Na ugoro?" nikauliza. "Kama ulijua ni vidonge, mbona umeuacha mpaka leo? Mbona umeng'oa tumbaku?"

"Nani alisema najua? Daktari alitaja tumbaku pia. Wewe unajua ni kipi?"

"Sijui, bibi."

"Na mimi sijui. Basi tumeacha vyote viwili."

Nikaanza kusema nisamehe. Akanyanyua mkono.

"Sijakusamehe. Nilikuwa nakungoja tu. Umechelewa sana, nesi."

Hakusema kwa ukali. Akapiga mluzi kuelekea nyumbani, na binti akatokea mlangoni, akashuka kati ya migomba huku anajifuta mikono. Alikuwa amenenepa kidogo usoni. Alipiga chafya, akacheka, akasema samahani mama nesi, hii baridi. Mkono wangu ulikwenda mfukoni wenyewe, kwa mazoea, ukakuta mfuko mtupu.

"Muulize," bibi akasema.

Sikumwelewa mara moja.

"Lile swali unalowauliza wote kwenye zahanati. Hapa si zahanati, na ana mafua. Muulize."

Nilimuuliza. Hedhi yako ya mwisho uliiona lini? Binti akamtazama bibi, akatazama chini, akataja tarehe ya mwezi wa juzi. Sikuwa na kadi wala daftari. Nikatoa kalamu, nikaiandika kiganjani.